Shajara ya mtaa pacha: bonde la Msimbazi, kizingiti kwa kizingiti

Wiki ya 1

Leo tumeanza. Tuko wanne: wahandisi wa maji wawili, kijana wa upimaji ardhi anayemalizia chuo, na dada wa maendeleo ya jamii ambaye amefanya kazi bondeni miaka mingi kuliko sisi wote. Tunatengeneza uwanja wa majaribio wa mafuriko. Tunachukua mtaa mmoja halisi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, tunauingiza ndani ya kompyuta nyumba kwa nyumba na mtaro kwa mtaro, kisha tunaunyeshea mvua ileile mara nyingi tutakavyo. Kila mara tunabadilisha kitu kimoja tu na kuangalia kinachofuata. Masika ya kweli hayatoi nafasi hiyo. Yakishapita yamepita, huwezi kuyaomba yanyeshe upya ili uone ingekuwaje kama kalavati lingezibuliwa mapema.

Kwa asiyelijua bonde hili: Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unateremka kwa karibu kilomita 35, unapokea vijito vya Sinza, Ubungo na Luhanga, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unaingia baharini penye daraja la Selander. Desemba 2011 zilinyesha zaidi ya milimita 150 ndani ya siku moja. Watu zaidi ya 40 walikufa, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 2018 maji yakarudi, yakaifunika barabara ya Jangwani na karakana ya mabasi ya mwendokasi. Katikati ya miaka hiyo kuna masika na vuli ambazo hazikuingia kwenye taarifa ya habari, ila ziliingia ndani ya nyumba za watu.

Ramani za mafuriko za jiji zima zipo, na ni kazi nzuri. Zinamwonyesha mama wa bondeni kwamba nyumba yake iko kwenye rangi ya buluu. Hilo analijua tangu alipohamia. Anachotaka kujua ni kama mvua ya namna fulani itaishia barazani au itavuka mlango, na ana saa ngapi za kubeba watoto na vyombo. Swali hilo ni la sentimita. Ndilo tulilojipangia.

Jina la mtaa tumekubaliana lisiandikwe popote. Sababu utaiona kwenye wiki ya 2.

Wiki ya 2

Tulikwenda kujitambulisha kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alitupokea vizuri, akaita wajumbe wa mashina, wakaja na wakazi wengine kama ishirini hivi. Mwenzangu akaeleza mradi, akasema tunataka mtaa huu uwe uwanja wa majaribio. Ukumbi ukawa kimya. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza taratibu, "Wanangu, majaribio mnatufanyia sisi?"

Neno tulilolizoea mezani liligeuka kitisho mdomoni mwa mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza. Na lilikuwa bado halijatulia pale kijana wetu wa upimaji alipotoa kwenye begi kopo la rangi nyekundu, kwa ajili ya kuweka alama za vituo vya kupimia. Baba mmoja aliinuka akaondoka bila kuaga. Dada akanigusa mkono na kuninong'oneza: "Ifiche hiyo rangi." Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, nyumba nyingi za bonde hili ziliandikwa X ukutani kwa rangi nyekundu, kisha zikavunjwa. Ukija mtaani na rangi nyekundu na karatasi ya majina, watu wanasoma kitu kimoja tu.

Rangi imerudi ofisini na haitatoka tena. Vituo vyetu ni misumari ya zege iliyopigwa juu ya vizibo vya soda, kwenye njia, kamwe si ukutani kwa mtu. Na neno majaribio tumeliacha. Jina jipya alilitoa mama muuza maandazi aliyekaa mstari wa mbele. Tulipokwisha kueleza upya kwamba maji yatamwagwa kwenye kompyuta, akasema: "Kumbe mnautengenezea mtaa wetu pacha, mumtese yule badala yetu." Tangu siku hiyo ni mtaa pacha, hata kwenye majina ya mafaili.

Wiki ya 3

Wiki ya kukusanya vilivyopo. Kwa ramani ya nyumba tuna bahati kubwa. Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 na kuwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mitaani pamoja na wakazi, uliacha majengo, njia na mitaro kwenye OpenStreetMap, na yeyote anaweza kuvipakua bure. Kabla yake Tandale ilichorwa namna hiyohiyo mwaka 2011. Sisi tunaongeza nyumba zilizojengwa baadaye na kufuta zilizobomolewa. Hizi za kufuta ni nyingi kuliko nilivyotarajia, na kila moja niliyoifuta nilijikuta najiuliza wenyewe wako wapi.

Tatizo ni kimo cha ardhi. Data ya SRTM ilipigwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, na mraba wake mmoja una mita 30 kila upande. Ndani ya mraba huo mtaani kwetu zinaenea nyumba tano au sita. Zaidi ya hapo, rada inarudishwa na bati, kwa hiyo pale nyumba zilipobanana kinachoitwa ardhi ni mchanganyiko wa ardhi na mapaa. Data ya Copernicus, ya Umoja wa Ulaya, ni bora, lakini nayo inaahidi usahihi wa ndani ya mita 4. Kizingiti cha mlango ni sentimita 30. Huwezi kupima unga wa kikombe kimoja kwa mizani ya magunia.

Picha za droni zinasaidia kwenye njia na kwenye mto wenyewe. Mlangoni hazifiki, paa limefunika.

Wiki ya 5

Wiki nzuri kuliko zote mpaka sasa, na heshima yote iende kwa fundi uashi mmoja wa mtaa.

Tulikuwa na kipimio cha setilaiti tulichoazima. Uwanjani kinafanya kazi safi. Kwenye vichochoro vya upana wa mita moja, bati zikiwa zimegusana juu, kinapoteza ishara na kuruka ruka. Tulipoteza siku mbili. Siku ya tatu fundi aliyekuwa akijenga ngazi jirani alituangalia kwa muda, akaja na mpira wake: mita kumi na tano hivi za mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejaa maji. "Injinia," akaniambia, "mashine yako inakuambia nini ambacho huu mpira hauniambii?"

Hakuna. Maji ya ncha mbili za mpira mmoja yanatulia usawa mmoja, hata kona ziwe ngapi katikati. Mafundi wanapigia levo ya misingi kwa njia hiyo kila siku. Tulichagua ngazi ya kwanza ya ofisi ya serikali ya mtaa iwe sifuri yetu, tukahamisha usawa mlango hadi mlango, kona hadi kona, tukazunguka mtaa mzima na kurudi palepale. Tulipofunga mzunguko, tofauti ilikuwa chini ya sentimita mbili. Nilikaa kwenye ngazi ile nikarudia hesabu mara tatu kwa furaha.

Kila nyumba tunachukua vimo vitatu: njia iliyo mbele ya mlango, kizingiti, na jamvi la ndani, yaani sakafu ya zege. Mwanzoni tulipanga viwili tu. Fundi ndiye aliyetuonyesha kwa nini havitoshi. Miaka yote hii njia zimekuwa zikijazwa kifusi na mchanga unaoachwa na mafuriko yenyewe. Nyumba za zamani zimebaki chini. Ukiingia unapanda kizingiti cha kozi mbili, yaani safu mbili za tofali, halafu unashuka ndani, na jamvi liko chini ya njia uliyotoka. Nyumba ya namna hiyo ni bakuli. Kizingiti kinaamua maji yaingie saa ngapi. Yakishaingia, kinayazuia yasitoke. Njia inaweza kuwa imekauka asubuhi, na ndani familia bado inachota kwa ndoo.

Modeli nyingi za hasara nilizowahi kutumia huchukua kimo cha maji nje na kukipeleka ndani moja kwa moja. Kwa nyumba hizi ni makosa, na ni makosa yanayowaumiza waliokaa mtaani muda mrefu zaidi, maana nyumba zao ndizo mabakuli. Tumeandika kanuni mpya: maji huingia yakivuka kizingiti, na hutoka kwa kuchotwa au kunywea tu.

Wiki ya 6

Mvua kidogo, kazi ya nje imesimama. Nimetumia jioni kuwasoma waliotangulia.

Wamarekani wamekwenda mbali na jambo hili. Mwaka 2015 taasisi yao ya viwango, NIST, ilifadhili kituo cha utafiti wa ustahimilivu wa jamii chini ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Walianza na Centerville, mji wa kubuni wenye watu wapatao 50,000. Mwanzoni sikuelewa kwa nini mtu ahangaike na mji usiokuwepo. Nikaelewa nilipoona wanavyoutumia: mtu wa majengo, mtu wa umeme, mtu wa uchumi, wote wanafanyia kazi mji mmoja, kwa hiyo majibu yakitofautiana wanajua tofauti imetoka kwenye njia zao na si kwenye mji. Baadaye wakahamia miji ya kweli. Joplin, Missouri, iliyopigwa na kimbunga cha nchi kavu Mei 2011, inatumika kupima kama modeli ingeweza kueleza kilichokwisha kutokea. Seaside, Oregon, iko kwenye pwani inayosubiri tetemeko na tsunami kama ile ya mwaka 1700. Programu yao, IN-CORE, iko wazi kwa yeyote.

Ulionishika zaidi ni Lumberton, North Carolina, mji mdogo ulio kando ya mto. Oktoba 2016 kimbunga Matthew kilipopita, mji ulikuwa na tuta la kuzuia maji, lakini tuta lilikuwa na pengo pale reli inapopita chini ya barabara kuu. Maji yaliingilia hapo. Septemba 2018, kimbunga Florence kilipokaribia, watu waliliziba pengo kwa mchanga na viroba, na maji yakaja kuingia tena. Pengo moja tu. Nilisoma nikiliwaza kalavati letu.

Na wana jambo jingine nimelinakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: hawakuhesabu nyumba na kuondoka. Walirudi Lumberton kwenye kaya zilezile, tena na tena, kuuliza nani amerudi, nani amehama, mtoto anasoma wapi. Bajeti yetu inaishia masika haya. Nimeanza kuandika barua za kuomba tuendelee.

Wiki ya 8

Sasa tunahitaji kujua maji yalifika wapi kweli, mwaka 2011 na mwaka 2018, ili mtaa pacha upimwe kwa kitu kilichotokea. Hakuna kipimo cha mto kwenye kijito chetu. Kuna watu.

Swali la kwanza tulilouliza lilikuwa bovu: "Maji yalifika mita ngapi?" Mtu hakumbuki mita. Anakumbuka mwili wake na vitu vyake. Dada akabadilisha: "Mama, nionyeshe kwa mkono ukutani." Hapo kila mtu anajibu bila kusita. Usawa wa dirisha. Juu ya swichi. Mita ya umeme ya LUKU ilizama. Mama mmoja aliweka kiganja kifuani mwake, kisha akakishusha mpaka usawa wa kichwa cha mtoto wa miaka minne, akakaa kimya. Hatukupima kitu pale. Tulikunywa chai yake, tukaondoka.

Siku ya pili namba zilianza kugombana. Nyumba mbili zinazopakana, wenyewe wote wana uhakika, na tofauti ni karibu nusu mita. Niliwaza kwamba kumbukumbu zimechakaa. Nilikosea, na nashukuru niliuliza kabla ya kuzifuta. "Mwanangu," mwenye nyumba akaniambia, "wakati ule sikuwa nimesimama hapa. Jamvi hili nimelimwaga baada ya mafuriko. La zamani liko huko chini." Alinyanyua sakafu yake kwa kozi mbili. Tofali la inchi sita lina kimo cha inchi tisa, sawa na sentimita 23 kasoro kidogo. Kozi mbili pamoja na udongo wa saruji zinakaribia nusu mita. Mama wa nyumba ya pili hakunyanyua chochote. Wote wawili walisema kweli. Kilichosogea ni sakafu.

Ikabidi tupite upya nyumba zote tukiuliza swali moja zaidi: umeinua lini, kozi ngapi? Watu wanakumbuka kozi kama wanavyokumbuka mahari, kwa sababu kila tofali walilinunua. Baada ya kusahihisha, majirani wamekubaliana kwa tofauti ya upana wa kiganja. Ninaiamini data hii kuliko nyingi nilizowahi kupewa kwenye majedwali.

Tumeamua alama za 2011 zitumike kurekebisha modeli, na za 2018 zifungiwe mpaka mwisho. Ukimpa mwanafunzi mtihani wa maswali yaleyale uliyomfundishia, hujajua kama ameelewa.

Wiki ya 9

Kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kilichapisha mwaka 2017 majedwali ya hasara kwa kimo cha maji, bara kwa bara, Afrika ikiwemo. Tunayatumia kwa kuta na paa. Kwa vilivyomo ndani tumetengeneza orodha yetu, kwa sababu umaskini wa nyumba hizi umekaa karibu na sakafu: godoro la watoto linalotandikwa chini, gunia la unga, jiko la mkaa, cherehani, friji ya biashara ya barafu. Kitanda cha wazazi kiko juu sentimita 40 au 50. Maji ya kifundo cha mguu yanayaharibu magodoro ya watoto na kuwaacha wazazi wakavu, na watoto hawalali tena. Katika jedwali la Ulaya hayo ni mafuriko madogo.

Tumeongeza pia saa. Mafuriko ya saa nane usiku na ya saa nane mchana si kitu kimoja, hata kimo kikiwa sawa.

Na vyoo. Kuna nyumba ambazo mvua kubwa ikija shimo hutapishwa mtaroni. Nimeweka alama kwenye pacha mahali mashimo yalipo ili tufuatilie maji yale yanapita milango ya nani. Hii ndiyo ramani ambayo mwenyekiti aliiomba kwanza, kwa sababu ya kipindupindu.

Wiki ya 11

Kimo cha kila nyumba kimeingia, nimewasha HEC-RAS, programu ya kukokotoa mwendo wa maji, na mtaa mzima umezama bila tone la mvua. Saa tano za kutafuta. Vimo vya misumari yetu vilisomwa na setilaiti kutoka umbo la hesabu la dunia, na vimo vya mto vilipimwa kutoka usawa wa bahari. Hapa Dar hivyo viwili vimepishana kwa zaidi ya mita 20. Tulikuwa tumezijenga nyumba chini ya bahari. Nimeandika onyo kwa herufi kubwa juu ya kila faili, na yeyote anayeanza kazi kama hii aanze kwa kuuliza sifuri yake ni ipi.

Mzee wa mlangoni, yule wa wiki ya 2, alikuja kuangalia kompyuta. Kumbe alikuwa mvuvi. Akauliza: "Mwezi mmeuweka?" Hatukuuweka. Tuliifanya bahari isimame usawa mmoja. Akatueleza kwamba mvua ikikutana na bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mto hauna pa kwenda. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa huzidi mita 3 wakati wa bamvua, kwa hiyo si jambo dogo. Tumeliweka. Mtaani kwetu kimo cha juu hakikupanda sana, lakini maji yalichelewa kuondoka kwa saa kadhaa. Kwa nyumba bakuli, hilo haliongezi kitu. Kwa barabara ya kumpeleka mgonjwa hospitali, linaongeza sana.

Wiki ya 13

Mtaa pacha umepita mtihani wa 2018 kwa nyumba nyingi, si zote. Kona ya kaskazini tunaonyesha maji kidogo kuliko wakazi walivyoonyesha kwa mkono, na bado sijajua kwa nini. Nimeiacha wazi kwenye kumbukumbu, sijaibembeleza modeli ilingane.

Swali la kwanza kulijaribu lilikuwa kalavati. Lina mabomba mawili, na hujaa chupa, mifuko na matawi. Tumelinyeshea mvua ya kawaida ya masika na mvua ya 2011, likiwa wazi, likiwa limeziba nusu, likiwa limeziba lote. Kwa mvua ya kawaida, kalavati ndilo kila kitu: likiwa wazi maji yanabaki njiani, likiziba yanavuka vizingiti vya mstari mzima wa chini. Kwa mvua ya 2011 halikubadilisha chochote cha maana, maana siku ile Msimbazi wenyewe ulikuja kinyumenyume na kulimeza kalavati.

Hili lilitugawa. Mwenzangu aliogopa kwamba tukilisema wazi, watu wataacha kusafisha. Mimi niliona na bado naona kwamba lazima lisemwe lote. Mtu akisafisha kalavati kila wiki akiamini limemkinga na mafuriko yote, siku ya mvua kubwa atachelewa kukimbia.

Tukalisema lote, kwenye karatasi kubwa tulizobandika ukumbini. Walielewa haraka kuliko tulivyohofia. Mjumbe mmoja alisema: "Kwa hiyo ya kila mwaka ni ya koleo, ile kubwa ni ya miguu." Ameigawa ripoti yetu ya kurasa arobaini sehemu mbili, na sehemu zenyewe ni hizo.

Kisha mama wa maandazi akauliza swali ambalo hatukuwa nalo kabisa: "Kila mwenye uwezo anaagiza kifusi anainua kiwanja. Tukiinua wote, maji yatakwenda wapi?" Tulirudi ofisini tukaviinua viwanja vya mstari wa juu kwenye pacha. Maji yakateremkia kwa wasioinua, kimo kikaongezeka kama vidole vinne, na kwenye nyumba tano vidole vinne hivyo ndivyo vilivyotosha kuvuka kizingiti. Tukaacha uchochoro mmoja wa katikati bila kujazwa, na karibu ongezeko lote likapotea. Sasa wakazi wenyewe wanajadili uchochoro huo ubaki. Wako wanaotaka na wasiotaka, na mjadala ni wao.

Wiki ya 15

Tumeombwa data yote. Aliyeomba ana sababu nzuri za kitafiti, na sisi wenyewe tumeishi kwa data za wazi za wengine: Ramani Huria, Copernicus, Lumberton. Uwanja wa majaribio usioguswa na watafiti wengine haufai kuitwa hivyo. Lakini faili letu lina kila mlango, kimo chake na idadi ya watoto wanaolala chini. Mikononi mwa mtu mwenye nia nyingine ni orodha ya kubomoa iliyopangwa tayari.

Tulikwenda kuwauliza wenye mlango. Uamuzi uliotoka kwenye kikao: mto, mitaro, kalavati, mvua na kanuni ya bakuli vitolewe vyote, bila jina la mtaa. Nyumba zitolewe zikiwa zimekusanywa kwa miraba ya mita 50, na mahali pake pawe pamesogezwa. Mtafiti anayetaka nyumba moja moja aje mtaani, aombe kikaoni. Najua hili linapunguza thamani ya kazi yetu kwa watu wa mbali. Nimeridhika nalo.

Wiki ya 16

Tumefunga ubao wa kupimia maji kwenye ukuta wa kalavati. Tulikuwa na ubao wa sentimita. Fundi akapendekeza uwe wa kozi, alama moja kila kimo cha tofali, kwa kuwa hata mtoto atausoma usiku kwa tochi ya simu. Rangi ni nyeupe na nyeusi. Vijana sita wa mtaa watapiga picha kila mvua ikinyesha na kututumia. Tumewaomba wasishuke mtaroni kamwe, picha ipigwe kutoka juu ya ngazi.

Wiki ya 17

Mvua ya kwanza ya masika. Picha iliingia saa tano na dakika kumi usiku: maji kwenye alama ya nne. Kwa mvua iliyosomwa jioni ile, na kalavati likiwa limeziba nusu, pacha alisema alama ya tatu.

Kozi nzima. Sikulala. Nilipitia mvua, nikapitia ukwaru wa mtaro, nikaona hakuna kinachoweza kueleza sentimita 23 isipokuwa bomba moja kuzibwa kabisa. Saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa pale na vijana wawili. Maji yalikuwa yamepungua. Ndani ya bomba la pili kulikuwa na matawi, na juu ya matawi godoro dogo lililokunjika, limejaa tope.

Tumelitoa. Nimeweka kwenye pacha bomba moja limefungwa, na alama imepanda hadi ya nne kasoro kidogo. Kwa hali hiyo pacha anaonyesha nyumba tatu ambazo maji yamevuka kizingiti, zote za mstari wa chini, mbili kati yake ni bakuli. Mjumbe amethibitisha kwa simu: ni hizo tatu, na ndani bado wanachota.

Tunakwenda sasa hivi. Dada ametangulia na ndoo, sabuni na dawa ya kutibu maji. Futi kamba iko mfukoni mwangu, na itabaki humo mpaka maji ya ndani yaishe.